UDHU UNASWIHI, LAKINI USIYANYWE: MAJI YA KIJANI YA LAMBO NA JIBU LANGU LA NUSU



Ndugu zangu katika imani, mlio hapa Mwamapalala na mnaotusoma mkiwa mbali, leo nina deni la kulipa. Kiangazi kilichopita, baada ya swala ya Isha, kijana mmoja alisimama akauliza: "Sheikh, maji ya lambo letu yamekuwa kijani kabisa, kama mtu kamwaga rangi. Bibi anauliza, udhu wake unaswihi?" Nikamjibu palepale nikiwa natafuta viatu vyangu: unaswihi, maji ni twahara, ukoga hauyaharibu. Kijana akashukuru, mimi nikaenda zangu nyumbani kula.

Siku kama kumi baadaye nikaenda kumjulia hali bibi huyo, kwa sababu mjukuu wake mdogo alikuwa anatapika tangu usiku. Nikakaribishwa maji. Kwenye kikombe yalikuwa na ukijani na harufu ya majani yaliyooza. Nikamuuliza, "Mama, haya si ya lambo?" Akanijibu kwa adabu zote, "Ndiyo Sheikh, tumeyachemsha. Na wewe ulisema ni safi."

Mtoto tulimpeleka zahanati akapona, alhamdulillah. Sisemi kwamba ni maji yale yaliyomuumiza, hakuna aliyeyapima. Lakini lile neno "ulisema ni safi" halijanitoka. Mimi nilisema udhu unaswihi. Yeye alisikia kwamba maji ni salama. Na kosa si lake. Nani kati yetu maimamu amewahi kukaa akawafafanulia watu kwamba hayo ni mambo mawili?

Tuanze na la fiqhi, maana ndilo lililo juu ya shingo yangu. Sisi Mashafii tumesoma tangu chuoni kwamba maji yakibadilika kwa kukaa muda mrefu, au kwa udongo wa mahali yalipo, au kwa tuhlub, yaani ule ukoga wa kijani unaoota majini, yanabaki kuwa twahara na yanatwaharisha. Sababu ni kwamba mabadiliko hayo ni magumu kuyaepuka, na dini haikuja kumtia mtu dhiki. Na lambo letu ni kubwa kuliko kulataini mara elfu. Kwa hiyo jibu langu halikuwa na makosa kitabuni.

Lakini kitabu hichohicho kina ukurasa niliouruka. Kila aliyefungua Abu Shujaa anajua mlango wa kwanza kabisa unagawa maji mafungu manne. La pili ni maji twahara, yanayotwaharisha, ila ni makuruhu kuyatumia: nayo ni maji yaliyopashwa moto na jua ndani ya vyombo vya madini. Kwa nini ni makuruhu na hayana najisi hata chembe? Imamu Shafii mwenyewe alieleza kwamba hayachukii ila kwa upande wa utabibu, kwa kuchelea madhara ya mwilini. Mnaona? Zaidi ya miaka elfu moja na mia mbili iliyopita, mwanachuoni wetu alitenganisha twahara ya maji na afya ya maji, na akakubali kwamba la pili anaulizwa tabibu. Sisi tunalisomesha fungu hilo kwa watoto kwa kuimba, wanalihifadhi, kisha tunalisahau tukiwa mbele ya lambo la kijani.

Basi nikaenda kumuuliza anayejua. Mimi elimu yangu ya kidunia iliishia sekondari, na baiolojia niliyonayo ni ya kuchora jani na mizizi. Tunaye mwalimu wa somo hilo anayeswali nasi. Nilimkuta barazani kwake, akanisikiliza, akacheka kidogo, kisha akaniomba tasbihi yangu.

Akasema: Sheikh, ule ukijani si majani na si uchafu tu. Ni bakteria, mabilioni kwa mabilioni, wanaokula mwanga wa jua kama mimea. Wataalamu wanawaita sayanobakteria. Wako ziwani, wako baharini, wako kwenye chemchemi za moto. Ni viumbe wa kale mno, na hewa hii ya oksijeni tunayovuta, wao ndio walioanza kuijaza duniani kwa amri ya Mola wao. Sasa, viumbe hawa wana ufundi wa kutengeneza kemikali zinazoitwa peptidi.

Peptidi ni nini? Akaishika tasbihi. Kila punje hapa ichukulie ni amino asidi, kile kitu kidogo ambacho nyama, maziwa na maharage vimejengwa kwacho. Ukitunga mamia ya punje kwenye uzi mmoja unapata protini. Ukitunga chache unapata peptidi. Insulini anayojichoma mgonjwa wa kisukari ni ya jamii hiyo. Sayanobakteria wanatunga tasbihi zao fupi kwa namna za ajabu, wanatia punje zisizopatikana kwenye chakula chetu, kisha mara nyingi wanafunga ncha mbili ziwe duara.

Moja ya tasbihi hizo inaitwa mikrosistini. Ina punje saba, zimefungwa duara. Hiyo ni sumu ya ini. Tumbo halina mkasi wa kuikata, kwa sababu punje zake si za kawaida na duara lake limekaza. Inapita kwenye utumbo, inafika kwenye ini, na ini lina milango yake ya kupitishia chumvi za nyongo. Sumu inaingia kwa mlango huohuo kama mgeni aliyeazima kanzu ya mwenyeji. Ikishaingia inavizuia vimeng'enya vinavyosimamia umbo la seli. Seli zinasinyaa, zinaachana, na kipimo kikiwa kikubwa damu inavujia ndani ya ini lenyewe. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha maji ya kunywa ya kila siku kuwa maikrogramu moja ya sumu hii kwa lita. Yaani chukua gramu moja, igawe vipande milioni, kipande kimoja ndicho kikomo cha lita nzima.

Nikamwambia, "Lakini mwalimu, watu wanachemsha."

Hapa naomba msome taratibu, ndiyo sababu ya andiko lote hili. Kuchemsha kunaua vijidudu vya kipindupindu, vya homa ya matumbo na vya kuhara. Tuendelee kuchemsha. Lakini mikrosistini si kijidudu, haina uhai wa kuuawa. Ni kemikali, na moto wa sufuria hauivunji. Tena ni mbaya zaidi ya hapo: sumu nyingi huwa imefungiwa ndani ya bakteria wenyewe, na unapochemsha unawapasua, sumu yote inamwagika majini. Maji yanapungua kwa mvuke, sumu inabaki. Yule bibi, kwa bidii yake yote ya kutafuta kuni, huenda alikuwa anaipika iwe nzito. Na ukisongea ugali kwa maji hayo, iko kwenye ugali. Kuchuja kwa kitambaa kunatoa mabonge, hakutoi sumu iliyokwisha kuyeyuka. Vidonge vya klorini vya nyumbani navyo vinachoshwa na ule ukijani kabla havijafika kwenye sumu.

Mtu atasema, Sheikh, hayo ni ya Wazungu. La. Ziwa Victoria ni letu, na pale Lamadi mkoa wetu wa Simiyu unaligusa. Mwaka 2013 watafiti, akiwemo mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine pamoja na wenzao wa Norway, walichapisha uchunguzi wa maji ya kijani ya ziwa hilo, wakakuta si mikrosistini moja bali aina nyingi zake. Upande wa Kenya, Ghuba ya Winam pale Kisumu inajulikana kwa kugeuka kijani kama uwanja wa mpira. Ziwa Bogoria, Kenya hiyohiyo, flamingo walikufa kwa maelfu, na walipopimwa miili yao ilikutwa na sumu za sayanobakteria. Na wafugaji wenzangu wa Kisukuma mnisikilize: habari ya kwanza ya kisayansi kuhusu jambo hili ilitoka Australia mwaka 1878, na ilihusu mifugo, kondoo, farasi na ng'ombe, waliokufa baada ya kunywa utando wa kijani ulioletwa ukingoni na upepo. Ukingoni, palepale mnyama anapoinamia. Mwaka 1996, mji wa Caruaru nchini Brazil, wagonjwa wa figo waliosafishwa damu kwa maji yaliyotoka bwawa lenye ukijani huu walikufa zaidi ya 50.

Si kila ukijani una sumu. Wapo sayanobakteria wasio nayo kabisa, na wenye nayo si kila siku wanaitoa. Lakini jicho haliwezi kutofautisha, wala ulimi. Ndiyo maana hukumu ya mwenye akili ni kuuogopa wote.

Sasa kuna upande wa pili, na huu lazima niuseme, kwa sababu najua kitakachotokea nikiunyamazia. Atakuja mtu kwenye maoni aseme: mbona ukijani wa majini ni dawa, mbona unatibu saratani, Sheikh unapinga tiba.

Kisiwa cha Wasini, pwani ya kusini ya Kenya karibu na Shimoni, ni kisiwa cha Waislamu wenzetu. Baharini pale huota sayanobakteria wenye nyuzi ndefu kama nywele. Mwaka 2003 watafiti walitangaza kwamba ndani ya nyuzi hizo wamekuta peptidi mpya ya duara wakaiita homodolastatini 16. Walipoijaribu maabara kwenye seli za saratani ya umio, ilionyesha nguvu ya wastani. Wastani, kwenye kichupa. Haijawa dawa ya mtu yeyote.

Ndugu wa karibu wa jina hilo ana kisa kirefu zaidi. Mwaka 1972 mtaalamu wa kemia wa Marekani, George Pettit, alikusanya Mauritius, kwenye bahari hii hii ya Hindi, konokono wa baharini mwenye masikio kama ya sungura. Alikaa miaka kumi na tano akiwasaga na kuwachuja, mamia ya kilo ili apate miligramu za kuhesabu, mpaka mwaka 1987 akatangaza peptidi aliyoiita dolastatini 10. Ilikuwa inaua seli za saratani kwa nguvu ya kutisha. Mwaka 2001 wengine wakaikuta kwa sayanobakteria wa visiwa vya Palau, ndipo ikafahamika kwamba konokono haitengenezi, anaila tu.

Je, dolastatini yenyewe ilitibu watu? Haikutibu. Walipoijaribu kwa wagonjwa, haikufaa, ukali wake haukuchagua. Ikabidi waigeuze muundo kidogo, kisha waifunge kwenye kingamwili, askari wa damu anayeijua seli ya saratani kwa alama yake, ili aibebe sumu mpaka mlangoni kwa adui na kuifungulia humo. Dawa hiyo inaitwa Adcetris, na Marekani waliiruhusu mwaka 2011 kwa saratani ya tezi aina ya Hodgkin. Hesabu mwenyewe: tangu konokono wa 1972 hadi sindano ya 2011 ni karibu miaka arobaini.

Subhanallah. Mwenyezi Mungu ametufundisha kwenye Qur'ani kwamba kitu kimoja kinaweza kuwa na madhara makubwa na manufaa ndani yake, akataja mvinyo na kamari, na madhara yakawa ndiyo yenye uzito. Hapa nasi tumeona tasbihi fupi za kijani, moja inaoza ini, nyingine baada ya miaka arobaini ya subira inamwokoa mgonjwa. Kilicho kati yake ni elimu na kipimo. Na mwenye kuiruka elimu akauza kipimo cha kubahatisha, kwangu mimi huyo ni mfanyabiashara wa roho za watu, hata akiwa na kofia na kanzu na aanze tangazo lake kwa bismillah.

Nasema hivi kwa sababu nimeletewa kwenye simu ujumbe unaowaambia watu wachote utando wa lambo, waukaushe kivulini, wautwange, eti ni spirulina. Jamani! Spirulina ya kweli nayo ni sayanobakteria, na watu wa Ziwa Chad wameila tangu zamani, lakini inavunwa ikijulikana ni nani, au inalimwa kwenye mabwawa safi na kupimwa. Lambo linalokanyagwa na ng'ombe si shamba la spirulina. Aliyeusambaza ujumbe ule kwenye kundi letu la msikiti, ninamjua, na ninamwomba aufute kabla sijamtaja. (Natania. Lakini aufute.)

Hadithi ya kwamba hakuna ugonjwa ila umeteremshiwa dawa, tunaiamini. Haisemi kila kitu ni dawa.

Tuje sasa kwa mikono yetu wenyewe. Kwa nini lambo linageuka kijani? Maji yakituama, jua likawaka, na chakula kikazidi, bakteria hawa huchanua. Chakula chao ni naitrojeni na fosforasi. Inatoka wapi? Kinyesi na mkojo wa ng'ombe wanaoingia mpaka katikati, mbolea inayosombwa na mvua kutoka mashambani, sabuni ya wanaofulia ukingoni, na wanadamu wasio na vyoo. Mtume wetu (s.a.w.) amekataza mtu kukojoa katika maji yaliyotuama. Akaonya pia juu ya kujisaidia kwenye sehemu za kuchotea maji, njiani na kivulini, akayaita ni mambo ya kuleta laana. Tumezisoma hadithi hizi kwenye mlango wa adabu za chooni, tukadhani ni habari ya heshima tu na harufu. Mimi sasa nikizisoma nauona utando wa kijani.

Najua pingamizi. Mzee mmoja aliniambia usoni: "Sheikh, unatukataza lambo, tunywe nini, mate?" Ana haki. Kiangazi chetu hakina mchezo, na aliye na bomba asimhutubie asiye nalo. Mradi wa kuleta maji ya Ziwa Victoria mkoani kwetu upo, na wilaya yetu ya Itilima imo. Pakifika bomba tumshukuru Allah, na tuendelee kuwauliza wahusika maji yanasafishwaje, maana ziwa nalo lina ukijani wake. Lakini mwenye kiu leo hawezi kunywa mradi.

Kwa hiyo nasema ninachoweza. Wazee wetu walijua kuchimba visima vya mchangani kwenye mito iliyokauka. Maji yaliyopita kwenye mchanga taratibu ni bora mbali kuliko yaliyochotwa kwenye utando. Hayo ndiyo ya kunywa, na hayo ndiyo ya kuchemsha. Hata pembeni ya lambo, chimba kisima kifupi hatua kadhaa kutoka ukingoni. Ukilazimika kuchota lambo lenyewe, usichote upande upepo unakosukumia utando, na usitikise. Maji ya mvua ya paa tuyahifadhi, nyumba iliyo na bati isiseme haina maji Machi yote. Samaki wa lambo toa matumbo yote na ini, usimpikie mtoto kichwa na utumbo. Ng'ombe wanyweshewe kwenye birika la nje, lambo lizungushiwe miiba. Na ukiona ng'ombe au mbwa wamekufa karibu na utando, usichune, usile. Mwite bwana mifugo na umwambie mtu wa afya.

Na udhu, maana ndio ulioanzisha yote? Maji ya lambo yenye ukijani yanatwaharisha, narudia, sikubatilisha swala ya mtu. Mwenye maji mengine atumie hayo mengine. Asiye nayo atawadhe, na akisukutua ateme vizuri, asimeze. Kusukutua na kupandisha maji puani kwetu ni sunna, na sunna haimlazimishi mtu kujidhuru. Ikiwa utando ni mzito na wenye ujuzi wa kuaminika wamesema maji yanadhuru mwili, na huna mengine, mlango wa tayammamu haujafungwa. Amr bin Al-Aas (r.a.) alitayammamu usiku wa baridi kali kwa kuogopa nafsi yake, akawaswalisha wenzake, na habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.) alicheka na hakumlaumu.

Kwa yule bibi nilirudi. Nilikaa mkekani nikamwambia, mama, nilikujibu nusu, nusu nyingine ni hii. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa nini sikuisema siku ile mbele ya watu wote, maana si yeye peke yake aliyeisikia. Sikuwa na jibu, ndiyo sababu mnaisoma hapa. Ijumaa hii baada ya swala tunakwenda lamboni na majembe na miiba, Waislamu na majirani zetu Wakristo na wasio na dini, kila mwenye ng'ombe aje. Mwalimu wa baiolojia atakuwepo, na tasbihi yangu bado anayo yeye.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.